Ng'ombe wa Mbele Hana Shada

Munich, 14 Novemba 1869

Dada Zenzi,

Nimefika salama na sijaibiwa kitu, maana sikuwa na cha kuibiwa. Chuo cha Sanaa kimenipokea, ila hawataki ng'ombe. Wanataka sanamu za plasta: pua ya Mgiriki, mguu wa Mgiriki, Mgiriki mzima asiye na mikono. Nilipomwambia profesa kwamba nimekuja kujifunza kuchora wanyama, aliniuliza kwa upole kama sijakosea mlango, kwa kuwa machinjio yako upande ule mwingine wa mto. Darasa zima likaangua kicheko. Sasa jina langu hapa ni Maziwa. "Maziwa, sogea, unatuzibia mwanga." "Vipi Maziwa, leo umeganda?" Nawaacha waseme.

Juzi nilipata kichwa cha kondoo kwa mchinjaji, nikakiweka dirishani ili nikichore taratibu. Niliporudi kutoka darasani, mama mwenye nyumba alikuwa amekitupa, na chumba chote kimenyunyiziwa maji ya baraka.

Baba hakuniaga. Uliona mwenyewe. Nilisimama mlangoni mwa zizi na mzigo mgongoni, naye akaendelea kukamua, paji la uso ameliegemeza ubavuni mwa ng'ombe kama kawaida yake. Nilingoja mpaka ndoo ikajaa. Akaibeba, akanipita. Nataka kujua jambo moja tu: huwa ananiulizia?

Ndugu yako,
Magnus

*

Moosegg, 9 Januari 1870

Mdogo wangu Magnus,

Hakuulizii. Jina lako likitajwa mezani anaomba chumvi. Tangu uondoke tunakula chakula cha chumvi mno.

Padri alikuja akamwambia kwamba kuchora ni kipaji anachotoa Mungu. Baba akamjibu, "Sawa, Padri. Ila huyo ng'ombe wa kwenye karatasi, unamkamua ukikaa upande gani?" Padri akaomba mtindi.

Wewe ungekuwa mtoto wa watu wengine wala asingejali. Lakini amekuwa mchungaji wa malisho ya juu tangu ujana, na babu kabla yake, na alishakuhesabu wewe kuwa ndiye utakayetangulia mbele ya mifugo yeye akichoka. Sasa anaangalia huku na huku, ananiona mimi.

Nikupe moja la kukufurahisha, ulifikirie mwenyewe. Unamkumbuka yule fahali uliyemchora kwa mkaa ukutani mwa zizi ukiwa mdogo, yule mwenye miguu mitano? Mwezi uliopita Baba alipaka chokaa zizi zima. Fahali amemwacha. Nilipomuuliza akasema chokaa iliisha. Ndoo ilikuwa bado na chokaa, niliiosha mimi, Zenzi wako.

Dada yako,
Kreszenz

*

Munich, 2 Mei 1878

Dada Zenzi,

Unalalamika kwamba barua zangu zimekuwa chache na fupi. Kweli, nachora farasi. Tangu vita na Wafaransa viishe kila afisa anataka farasi wake achorwe, na afisa mwenyewe awe juu yake kama nafasi itabaki. Wengine farasi wao walifia vitani, basi nachora kwa kuelezwa. "Alikuwa na macho ya upole, Bwana Rehle." Wote walikuwa na macho ya upole. Baada ya farasi nikapata kijibwa cha mke wa baroni, pua bapa, kinachokoroma kikiwa macho. Kilinipenda sana, kikanikojolea buti. Picha ilisifiwa kote mjini, na tangu hapo sijakosa vijibwa.

Sasa nina chumba cha kazi cha chini chenye mlango mpana. Ng'ombe anaweza kuingia, na alishaingia. Mama mwenye nyumba wa hapa naye haniamkii tena. Hakuna aniitaye Maziwa siku hizi. Naitwa Bwana Rehle, mchoraji wa wanyama.

Lakini nimechoka na wanyama wa watu. Nataka kuchora wa kwetu. Picha kubwa ya kujaza ukuta: mifugo ya Moosegg ikishuka kutoka malishoni, asubuhi ya Septemba, mvuke ukiwatoka puani. Nataka Baba aione. Sifa nimeshapata za kutosha kwa watu wasiojua ng'ombe anaanza kuinuka kwa miguu ipi. Nataka neno moja la mtu anayejua.

Nieleze anayetangulia siku hizi ni ng'ombe gani. Kichwa chake hasa: pembe, paji, nywele za katikati ya pembe zimejikunja kuelekea wapi. Usiniambie nije nimwone. Nitakuja picha ikikamilika, nisije mikono mitupu.

Magnus

*

Moosegg, 27 Mei 1878

Mdogo wangu Magnus,

Nilikuwa nimeshaandika "njoo umwone", nikafuta.

Anaitwa Alma. Ana rangi ya kijivu cha hudhurungi, pua nyeusi yenye ukingo mweupe kama amechovya kwenye maziwa. Pembe ya kushoto imeinama mbele kidogo, maana alipokuwa ndama aliigonga kwenye mlango wa zizi kwa ujeuri. Nywele za utosini zinajikunja kwenda kulia, na hazilali hata ukizilowesha. Akisimama hukutazama kwanza kwa jicho moja, kisha anageuza kichwa ahakikishe kwa la pili. Baba anasema ndiye ng'ombe mwenye akili kuliko halmashauri yote ya kijiji, na kwamba hilo si sifa kubwa.

Mikono yako haijawahi kuwa mitupu, ila wewe huamini. Haya, chora.

Kreszenz

*

Munich, 12 Juni 1881

Dada yangu mpendwa,

Imekamilika, imetundikwa kwenye onyesho kubwa, na nimepewa medali! Watu wanasimama mbele ya picha yangu mpaka walinzi wanawasukuma. Wanachosifu zaidi ni kichwa cha Alma. Mmoja wa waamuzi, mzee asiyesifu kitu, alisema mbele ya wote: "Hatimaye amepatikana mtu wa kuchora ng'ombe bila kumpamba." Nimeyabeba maneno hayo siku nzima.

Aliyeshika fimbo mbele si Baba, kwa kuwa Baba sikuwa naye. Nilimsimamisha mpagazi mmoja wa stesheni mwenye mabega mazuri.

Nakutumia gazeti la picha. Wameichapa ukurasa mzima, na jina liko chini yake: "Mifugo ya Moosegg Ikishuka". Mwonyeshe Baba. Akisema neno lolote, hata baya, niandikie kama alivyolisema.

Magnus wako

*

Sonthofen, 3 Julai 1881

Zenzi mwanangu,

Poleni na msiba. Nimelia sana, na nikimaliza kulia nitakasirika. Kaka yangu Alban anakufa, na mimi, dada yake wa tumbo moja, napata habari kwa mwokaji mikate! Tena kwenye gazeti! Aliniletea akisema, "Mama Afra, si kwenu huku?" Nikatazama. Ni kwetu. Ni mlima wetu, ni Alma na pembe yake iliyopinda, na kichwa chake kiko wazi, hana hata jani. Mimi ni binti wa mchungaji, sihitaji kusomewa. Na anayetangulia mbele si Alban. Basi nikakaa chini pale pale dukani.

Misa nimeshaiomba, imesomwa Jumapili, watu walijaa. Koti langu jeusi limeliwa na nondo mabegani kwa sababu sikutarajia. Alikufa kwa nini, kile kifua? Nilimwambia mwaka juzi aache kulala kwenye majani mabichi, akaniita kuku.

Na huyo kijana mwenye fimbo ni nani? Kama ni mchumba wako, sura si mbaya, lakini ameishika fimbo kama mwavuli. Usimkabidhi nyumba haraka.

Shangazi yako mwenye uchungu,
Afra

*

Moosegg, 10 Julai 1881

Magnus,

Nimeambatanisha barua ya Shangazi Afra. Isome kwanza, kisha urudi kwangu.

Umeisoma? Si yeye peke yake. Bonde zima limeliona gazeti. Baba yuko malishoni juu tangu Juni kama kila mwaka, kwa hiyo hakuna anayemwona, na watu wamekuja hapa kwa nguo nyeusi. Nawaambia yu hai, wananishika bega na kunitazama kwa huruma. Mwishowe nilimtumia habari, akashuka katikati ya kiangazi, jambo ambalo hajalifanya maishani mwake, akazunguka sokoni na kofia yake ili ahesabiwe miongoni mwa walio hai.

Jioni yake akaja mke wa mwenye duka na mkate wa msiba. Baba ndiye aliyemfungulia. Wakatazamana. Baba akaupokea mkate, akasema, "Asante, Mama. Nitawasaidia wafiwa kuula." Nilicheka jikoni mpaka nikakaa sakafuni. Kisha nikauona uso wake, nikaacha.

Ulikuwa unafikiri nini? Hapa hata mtoto anayetambaa anajua. Siku ya kushuka ng'ombe wa mbele huvikwa shada la maua kichwani, kama kiangazi kimepita bila kifo, cha mtu wala cha mnyama. Ng'ombe wa mbele akishuka kichwa wazi, walio barabarani huvua kofia na kuulizana ni nani. Wewe mwenyewe uliivua yako mwaka ule Mama alipofariki. Nilikuwa nimekushika mkono.

Nilimpa lile gazeti. Aliitazama picha muda mrefu, ameisogeza dirishani. Uliomba neno lake kama alivyolisema, hili hapa: "Amenizika. Sawa. Maiti hajibu barua." Kisha akalichukua akaenda nalo upande wa jiko. Nadhani amelichoma.

Kreszenz

*

Munich, 1 Agosti 1881

Dada Zenzi,

Nilikuwa naufikiria mfupa. Huo ndio ukweli wote. Ukiweka shada, na matawi yake, na utepe, na kile kioo cha kufukuza mapepo katikati, nusu ya kichwa imefunikwa, na nusu hiyo ndiyo niliyoitafuta miaka yote hii. Basi nikaliacha, kama mtu anavyosogeza kiti kinachoziba dirisha.

Sasa nisikilize. Picha imenunuliwa na mwenye kiwanda kimoja cha bia. Chuoni kuna kiti cha ualimu kitakachokuwa wazi, na jina langu linatajwa, na linatajwa kwa ajili ya kichwa kile. Siwezi kwenda kumbandika maua kwa sababu Shangazi Afra ametoa koti sandukuni. Picha ni picha. Mweleze Baba kwamba hapa mjini hakuna mtu anayeisoma hivyo.

Magnus

*

Moosegg, 6 Agosti 1881

Magnus,

Baba haishi mjini.

Sijamweleza kitu. Njoo umweleze wewe.

Kreszenz

*

Munich, 20 Agosti 1882

Dada Zenzi,

Najua ni mwaka mzima. Niliandika barua kadhaa, zote zilikuwa za kujitetea, nikawashia nazo moto.

Nikwambie kilichotokea. Majira ya kuchipua nilianza picha nyingine ya mifugo yetu, nikafumba macho niwaone wakishuka. Niliona safari ile moja tu. Mwaka wa Mama. Ng'ombe kichwa wazi, watu wamevua kofia, Baba mbele hamtazami mtu. Nyingine zote, zenye maua na muziki, zimenipotea, ila hiyo ninayo mpaka tope la barabarani. Ndiyo niliyoichora, Zenzi. Nilisema naufikiria mfupa, na kumbe mkono ulikuwa unakumbuka peke yake. Nimeona aibu, na nimelia, mtu mzima nimesimama kati ya ndoo za rangi.

Nilikwenda kwa yule mwenye bia kuomba ruhusa. Alicheka, akasema picha ni yake na maua anayapenda. Nimefanya kazi kwenye chumba chake cha kulia, familia ikila nyuma yangu, watoto wakinielekeza. "Ongeza jekundu, Bwana Rehle!" Nimeongeza. Matawi ya msonobari, waridi za milimani, utepe, kioo katikati. Nusu ya kichwa imefunikwa.

Wa chuoni walikuja kuangalia. Mmoja akasema, "Rehle, umeigeuza kadi ya sikukuu." Kiti cha ualimu amepewa mtu wa Wagiriki. Mimi nitarudi kwa vijibwa, navyo vitanipokea.

Mwambie Baba: Alma amevikwa. Mwambie sitaki neno. Septemba nitakuja nisimame barabarani niwaone mkishuka, basi.

Ndugu yako,
Magnus

*

Moosegg, 20 Agosti 1882

Mdogo wangu Magnus,

Kaa chini kwanza. Baba amefariki.

Ilikuwa kule juu, jana asubuhi. Wendelin, mwenzake wa malishoni, alitoka kibandani akamkuta kwenye kigoda, paji la uso limeegemea ubavuni mwa Alma, na Alma amesimama tuli, hasogei. Wendelin alidhani anakamua. Alimwamkia, akaendelea na shughuli zake. Baadaye ndipo alipoona ndoo haina kitu.

Tutamzika kesho, joto ni kali na barua ni polepole. Hutawahi, usijiumize na treni.

Najua utakachouliza. Hakukutaja tena tangu siku ile ya gazeti. Ningetamani kuwa na kitu cha kukupa, lakini sina, na uongo sikuuanza nikiwa kijana, siuanzi sasa. Nina uchungu naye na nina uchungu na wewe, na sijui upi nianze nao.

Alma hatavaa mwaka huu.

Dada yako,
Kreszenz

*

Munich, 26 Agosti 1882

Dada Zenzi,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ilifika kwa nani? Uliifungua peke yako?

Nimekwenda kuitazama picha. Rangi ya maua haijakauka, na ya chini yake imeshakuwa ngumu, haitadhurika. Nikiwahi naweza kuyakwangua yote kwa siku moja na Alma atabaki kama alivyokuwa. Sasa ile ya kwanza ndiyo ya kweli. Mwenye bia amekubali. Ananionea huruma, nadhani ananiona nimerukwa na akili kidogo.

Niambie nikwangue au niache. Safari hii nitafanya utakavyosema.

Magnus

*

Moosegg, 17 Septemba 1882

Mdogo wangu Magnus,

Nilikuchelewesha makusudi, nilitaka kukujibu kwa mdomo. Nami nilikuona. Ulikuwa upande wa chini wa daraja, nyuma ya wale watu wa kijiji cha Oberdorf, umevua kofia. Umeota upara. Nilikuwa mbele ya Alma na fimbo ya Baba, na kundi halisimamishwi katikati ya barabara kwa sababu ya mtu mmoja, hilo unalijua. Nilipomaliza kuwafunga zizini nikatoka kukutafuta, wakaniambia umeshapanda gari la stesheni. Miaka yote hii, halafu unafika hatua chache kutoka mlangoni, unarudi! Shangazi Afra alikuwa ameshakuwekea sahani ya tambi za jibini. Amekuita kuku.

Sasa jibu lako. Usikwangue.

Jana nilikwenda na Wendelin kufunga kibanda cha juu kwa ajili ya majira ya baridi. Ukutani, juu ya kitanda cha Baba, kuna ukurasa wa gazeti umepigiliwa misumari ya viatu. Ni picha yako. Hakuichoma; alikwenda nayo upande wa jiko kwa sababu koti lake lilikuwa limetundikwa hapo. Akaipandisha mlimani, ikakaa juu ya kichwa chake tangu kiangazi kile.

Na amechora juu yake. Ile chaki nyekundu tunayotilia alama mifugo, ameichukua akamvika Alma shada. Nilimuuliza Wendelin lini. Akasema ni siku ile ile aliyorudi kutoka kujionyesha sokoni, kabla hata hajavua buti. Wendelin alimuuliza anafanya nini, Baba akamwambia, "Kijana amesahau kitu. Namalizia."

Nakutumia. Utaona ni mchoro mbaya kuliko wote niliowahi kuuona. Maua yanafanana na viazi, na moja limempiga Alma jichoni. Yule mpagazi wako naye amewekewa ndevu za Baba.

Usirekebishe kitu. Na mwakani ingia ndani.

Dada yako,
Zenzi